Jinsi ya kupima mmea wa dawa maabara bila kujidanganya

Chukua jani lolote lililo karibu nawe, likaushe, lisage, liloweke ndani ya ethanoli siku tatu, kisha wadondoshee bakteria maji yake. Kuna uwezekano mkubwa kwamba bakteria hao watapata shida. Mmea hauna miguu ya kukimbia wala kucha za kupigania. Kinga yake ni kemikali, na kemikali hizo hazichagui sana adui. Ndiyo maana makala zinazosema "mmea huu una nguvu dhidi ya vijidudu" ni nyingi kama mchanga, ilhali dawa zilizotokana nazo ni za kuhesabu.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeanza: mwanafunzi wa famasia, baiokemia au kemia aliyepewa mmea na benchi la maabara, akaambiwa aendelee. Nitapita haraka penye mambo yaliyomo katika kila kitabu cha maabara, na nitakaa pale ambapo nimeona watu wengi wakianguka, mimi nikiwemo.

Hatua ya 1: Pata swali linaloweza kujibiwa "hapana"

"Kuchunguza utendaji wa kibiolojia wa mmea fulani" si swali, ni kichwa cha habari. Swali ni kama hili: je, ekstrakti ya majani haya inazuia kimeng'enya cha alfa-glukosidasi, kile kinachosaidia kukata wanga kuwa sukari utumboni, kwa nusu, ikiwa chini ya mikrogramu 100 kwa mililita? Hapo jibu linaweza kuwa hapana, na ukilipata hapana utajua la kufanya. (Nikisema ekstrakti nina maana ya ile mada nzito, aghalabu yenye kunata, inayobaki baada ya kiyeyushi kuondolewa.)

Kabla ya kuandika swali, sikiliza kwa makini namna mmea unavyotumiwa na wanaoutumia. Usiishie kwenye "unatibu homa". Uliza ni sehemu gani ya mmea, mbichi au kavu, huchemshwa au huloweshwa tu, hunywewa kiasi gani, mara ngapi, na nani anakatazwa kuunywa. Tu Youyou wa China alikuwa akitafuta dawa ya malaria chini ya Mradi 523, ulioanzishwa mwaka 1967. Ekstrakti za mmea wa qinghao zilikuwa zikimpa matokeo yanayoyumba: leo zinafanya kazi, kesho hazifanyi. Alirudi kusoma maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, ambaye alielekeza mmea huo ulowekwe majini, ukamuliwe, na maji yake yanywewe. Hakutaja kuchemsha. Tu akashuku kwamba moto ndio unaoharibu dawa, akabadili kiyeyushi na kutumia etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi 35 hivi tu. Oktoba 1971 sampuli namba 191 ilifuta vimelea vyote katika panya waliokuwa na malaria. Humo ndimo ilimotoka artemisinini, dawa ya malaria, na mwaka 2015 ikampatia Tuzo ya Nobel. Neno moja ambalo tabibu hakuliandika ndilo lililofungua mlango.

Lakini usilifanye swali lako kuwa kifungo. Miaka ya 1950 Robert Noble na Charles Beer, huko Kanada, walikuwa wakipima majani ya Catharanthus roseus kwa sababu yalisifiwa kuwa dawa ya kisukari. Sukari ya panya haikushuka. Kilichoshuka ni chembe nyeupe za damu. Wangeweza kuandika "haina kazi" na kufunga daftari; badala yake waliifuata ile alama ya ajabu, na njia hiyo ikazaa vinblastini, dawa ya saratani.

Hatua ya 2: Ruhusa kwanza, makasi baadaye

Itifaki ya Nagoya ilipitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika tarehe 12 Oktoba 2014. Kwa ufupi, nchi ina haki juu ya mimea yake, na jamii yenye ujuzi wa mmea ina haki ya kukubali au kukataa, na kugawiwa faida ikipatikana. Kwa hiyo karatasi za ruhusa zitangulie kuchuma. Ukitaka kuhoji watu au kutumia wanyama, kamati ya maadili nayo itangulie. Kibali hakirudi nyuma: data uliyokusanya kabla ya tarehe yake majarida hayatakupokelea, na yana haki.

Hatua ya 3: Hakikisha mmea ni huo unaodhani

Hii ndiyo hatua inayodharauliwa kuliko zote, pengine kwa sababu haina mashine. Jina la kienyeji halitoshi. Chukua mwarobaini, Azadirachta indica. Una ndugu yake, Melia azedarach, ambaye kwa mtu anayepita njiani ni yuleyule, na matunda yake yana sumu. Simama, shika jani. La mwarobaini limegawanyika mara moja: kikonyo kimoja kirefu, na vijani vyenye kingo kama msumeno vimepangwa huku na huku. La Melia limegawanyika tena: kwenye kikonyo kikuu kuna vikonyo vidogo, na vijani vimekaa juu ya hivyo. Sekunde kumi za kutazama zinaokoa mwaka wa kazi.

Na kosa la jina huweza kuua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakimeza vidonge vya mitishamba ili kupunguza uzito walianza kuharibikiwa figo. Taarifa ya kitabibu ilitoka mwaka 1993. Vidonge vilipaswa kuwa na Stephania tetrandra, ambayo kwa Kichina huitwa fang ji. Kilichowekwa ni Aristolochia fangchi, iitwayo guang fang ji. Majina yanafanana, mizizi iliyokatwakatwa inafanana, lakini Aristolochia ina asidi aristolokia, inayoharibu figo na kuleta saratani ya njia ya mkojo.

Basi fanya hivi. Kata tawi lenye majani, na maua au matunda kama yapo, likaushe likiwa limebanwa kati ya magazeti, lipeleke kwa mtaalamu wa mimea, aliandike jina la kisayansi, nawe upewe namba ya sampuli ya hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Andika tarehe, mahali, urefu kutoka usawa wa bahari, na sehemu uliyochuma. Msimu nao uandike, kwa sababu mmea uleule unaweza kuwa na kemikali nyingi kabla ya kuchanua na chache baada ya hapo.

Hatua ya 4: Kausha, saga, loweka

Kausha kivulini penye hewa, au kwenye tanuri lisilozidi nyuzi 40. Jua kali huunguza mafuta yenye harufu na kuvunja kemikali nyororo. Unyevu nao huleta ukungu, na ukungu una sumu zake ambazo hukuja kuzitafuta. Jani liko tayari linapovunjika kwa sauti, si linapopinda.

Mfano wa hesabu: poda gramu 200, ethanoli ya asilimia 70 lita 2, yaani moja kwa kumi. Funika, weka gizani saa 72, tikisa kila ukipita. Chuja, kisha uondoe ethanoli kwa kivukizi cha kuzunguka, maji ya beseni yasizidi nyuzi 40. Maji yanayobaki yaondoe kwa kukausha kwenye baridi. Tuseme umebaki na gramu 24: mavuno yako ni asilimia 12. Namba hiyo iandike kwa wino mzito, maana tutairudia.

Kuhusu viyeyushi: heksani huvuta mafuta na nta, ethili asetati huvuta vya katikati, methanoli na ethanoli yenye maji huvuta karibu kila kitu, tanini zikiwemo. Kama wenye ujuzi hutumia maji, tengeneza pia ya maji, hata kama huipendi. Na etha iliyokaa muda mrefu baada ya kufunguliwa usiikaribie hovyo. Hutengeneza peroksidi zinazolipuka.

Gawanya ekstrakti katika vichupa vidogovidogo, hifadhi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Kichupa kimoja kikubwa kinachoyeyushwa na kugandishwa kila wiki kitakupa matokeo tofauti mwezi wa kwanza na wa sita, nawe utadhani ni panya.

Hatua ya 5: Chungulia ndani

Vipimo vya rangi ni vya dakika chache: kitendanishi cha Dragendorff kikitoa mashapo ya rangi ya chungwa, fikiria alkaloidi; povu lisipokufa baada ya kutikisa, fikiria saponini; feri kloridi ikigeuka bluu-nyeusi au kijani-nyeusi, fikiria fenoli na tanini. Usiishie hapo kama ripoti nyingi zinavyoishia, zikiwa na jedwali la alama za kujumlisha. Pitisha sampuli kwenye kromatografia ya tabaka jembamba, inayotenganisha kemikali zake kuwa madoa, itazame chini ya mwanga wa nanomita 254 na 366, piga picha. Picha hiyo ni alama ya kidole ya ekstrakti yako. Utakapochuma tena mwakani, utajua kama umerudi na kitu kilekile.

Hatua ya 6: Myeyusho mama

Ekstrakti nyingi hazikubali maji, kwa hiyo watu hukimbilia DMSO, kiyeyushi kinachochanganyika na maji. Piga hesabu kabla ya kumimina. Ukiyeyusha miligramu 100 katika mililita 1 ya DMSO, ili upate mikrogramu 100 kwa mililita unazimua mara 1,000, na DMSO inabaki asilimia 0.1. Seli nyingi huvumilia hilo. Ukianza na myeyusho wa miligramu 10, DMSO inafika asilimia 1, na sasa hujui kama seli zimekufa kwa mmea au kwa kiyeyushi. Baada ya kuzimua, inua sahani kwenye mwanga: ukiona ukungu au chembe, ekstrakti imejitenga, na namba utakayosoma haina maana.

Hatua ya 7: Kipimo chenyewe, na vidhibiti vyake

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo ekstrakti inapodanganya.

Mwaka wangu wa kwanza nilipata ekstrakti iliyozuia alfa-glukosidasi kwa asilimia 97. Nilishatunga kichwa cha makala kichwani. Mwenzangu wa benchi la pili akaniuliza bila hata kugeuka, "Tanini umeziondoa?" Sikuwa nimeziondoa. Tanini hukamata protini yoyote iliyo mbele yake, kama zinavyokamata ulimi ukitafuna tunda bichi; kimeng'enya ni protini, kwa hiyo hukwama. Nilipitisha ekstrakti kwenye poda ya PVPP, ambayo hunasa tanini, nikarudia. Uzuiaji ulishuka hadi asilimia 8. Wiki tatu zilikuwa zimekwenda na maji.

Tuendelee na kipimo hichohicho, kwa sababu kina mitego yote. Kimeng'enya kinakata pNPG, kemikali isiyo na rangi, kinachokatwa kinatoa rangi ya njano, unaisoma kwenye nanomita 405. Katika sahani ya vishimo 96, hivi ndivyo vishimo visivyokosekana:

- kimeng'enya na pNPG bila ekstrakti, kikiwa na DMSO kiasi kilekile: hiyo ndiyo asilimia 100 yako;
- pNPG bila kimeng'enya: sifuri yako;
- ekstrakti na pNPG bila kimeng'enya, katika kila kiwango: rangi ya ekstrakti yenyewe. Majani mengi hutoa maji ya kahawia, na kahawia husomeka vizuri sana kwenye 405;
- dawa inayojulikana kuzuia kimeng'enya hicho;
- ekstrakti, kimeng'enya na pNPG pamoja na Triton X-100 (aina ya sabuni ya maabara) ya asilimia 0.01. Uzuiaji ukitoweka, ulikuwa unaona madonge ya molekuli yaliyokifunika kimeng'enya, si dawa iliyoingia kwenye tundu lake.

Dawa ya kulinganishia ichague kwa akili. Wengi huweka akabosi, dawa ya kisukari, kisha huandika kwa furaha kwamba mmea wao umeishinda mara kumi. Tazama chupa ya kimeng'enya: kimetoka kwenye hamira. Alfa-glukosidasi ya hamira karibu haijali akabosi. Ya utumbo wa mamalia ndiyo inayozuiwa sana. Kumshinda bondia aliyefungwa mikono si ubingwa. Tumia kimeng'enya cha utumbo wa panya, au angalau sema wazi ulichotumia.

Vipimo vingine vina hila zao. MTT hupima uhai wa seli kwa sababu seli hai huigeuza kutoka njano hadi zambarau, lakini antioksidanti nazo huigeuza bila seli hata moja, kwa hiyo weka kishimo chenye ekstrakti na MTT pekee. Saponini hutoboa utando wa seli, na kwenye kipimo cha saratani hilo huonekana kama muujiza. Kwenye bakteria, ule mduara mweupe kuzunguka karatasi iliyolowa ni kipimo cha uwezo wa kemikali kusambaa ndani ya agari kama ulivyo wa kuua. Molekuli kubwa isiyopenda maji haisambai vizuri. Tumia uzimuaji katika mchuzi wa lishe ndani ya vishimo, ukianza na bakteria takriban 500,000 kwa mililita, utoe kiwango cha chini kinachozuia ukuaji. Na DPPH, ile kemikali ya zambarau ya kupimia antioksidanti? Karibu fenoli yoyote huipunguza rangi yake kwenye nanomita 517. Kama hicho ndicho kipimo chako pekee, umepima kemia ya chupa, mwili bado hujaugusa.

Hatua ya 8: Namba

Pima viwango visivyopungua sita, chora mstari wenye umbo la S, pata IC50, yaani kiwango kinachozuia nusu. "Asilimia 80 katika miligramu 1 kwa mililita" haimwambii mtu chochote.

Vishimo vitatu vya sahani moja ni jaribio moja lililosomwa mara tatu. Majaribio matatu ni siku tatu, miyeyusho mitatu mipya. Kwa wanyama, gawa makundi kwa bahati nasibu, na anayepima asijue kundi lipi limepewa nini.

Kisha jiulize kama namba yako ina maana mwilini. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi. IC50 ya mikrogramu 100 kwa mililita inadai miligramu 500 za ekstrakti ziwe ndani ya damu kwa wakati mmoja, tukijifanya hakuna kinachoingia kwenye nyama wala kinachovunjwa na ini. Ikiwa IC50 ni miligramu 1, unahitaji gramu 5. Kwa ekstrakti ghafi mimi huanza kusisimka chini ya 100, na kwa molekuli iliyotengwa nataka namba ndogo zaidi ya hapo sana.

Hatua ya 9: Sumu, na panya

Usijaribu kwa mwili wako. Najua Tu Youyou na wenzake walikunywa wenyewe ekstrakti yao mwaka 1972; walikuwa tayari wamewapitisha wanyama, na walikuwa hospitalini chini ya uangalizi.

Anza na seli za kawaida zisizo za saratani. Kama kiwango kinachoua seli hizo ni karibu sawa na kile kinachoua vimelea, huna dawa, una sumu. Ukifika kwa wanyama, kumbuka kanuni tatu za Russell na Burch za mwaka 1959: badilisha kwa njia isiyotumia mnyama inapowezekana, punguza idadi, punguza maumivu. Mwongozo namba 425 wa OECD (shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi) una jaribio la kikomo la miligramu 2,000 kwa kilo, linalohitaji wanyama wasiozidi watano, wakitazamwa siku 14. Mpime uzito kila mnyama, tazama manyoya, mwendo, kinyesi. Mwishoni pima katika damu vimeng'enya vya ALT na AST kwa ajili ya ini, kreatinini kwa ajili ya figo. Panya aliye hai siku ya 14 anaweza kuwa na figo zilizokwisha.

Sasa ile namba ya wino mzito. Tuseme panya mdogo alipata nafuu kwa miligramu 500 kwa kilo. Usiichukue hivyo hivyo kwa binadamu. Gawanya kwa 12.3, kwa panya mkubwa kwa 6.2. Unapata takriban miligramu 41 kwa kilo. Mtu wa kilo 60: gramu 2.4 za ekstrakti. Mavuno yalikuwa asilimia 12, kwa hiyo ni gramu 20 za majani makavu kwa dozi moja. Hilo mtu anaweza kulinywa. Lakini kama ungetumia gramu 2 kwa kilo, hesabu ileile ingekupa karibu gramu 80 za majani makavu, na hapo matokeo yako mazuri hayana mnywaji.

Hatua ya 10: Kutafuta molekuli

Gawa ekstrakti kwa viyeyushi vinavyozidi kupenda maji, pima kila fungu, fuata lile lenye nguvu, ligawe tena kwa safu ya silika, pima tena. Kabla hujazama, pitisha fungu kwenye kromatografia iliyounganishwa na spektromita ya masi, ulinganishe na kemikali zinazojulikana. Kutumia miaka miwili kuigundua upya kwesetini, iliyojaa katika mimea mingi, ni msiba uliowapata wengi. Wakati mwingine nguvu inapotea kadiri unavyogawa. Huenda molekuli imevunjika, huenda zilikuwa mbili zinazosaidiana: changanya mafungu tena uone kama nguvu inarudi.

Na usipange harusi mapema. Gome la Taxus brevifolia lilikusanywa mwaka 1962. Monroe Wall na Mansukh Wani walitoa umbo la paklitakseli, dawa ya saratani iliyotoka humo, mwaka 1971. Marekani iliiidhinisha kama dawa mwaka 1992.

Hatua ya 11: Kuandika, na kurudi

Ripoti yako iwe na jina kamili la mmea na namba ya hebaria, sehemu iliyotumika, kiyeyushi na uwiano, mavuno, picha ya kromatografia, asili ya kimeng'enya au aina ya seli, vidhibiti vyote pamoja na vilivyokuangusha, na namba ghafi za kila siku ya jaribio. Matokeo ya "hapana" yaandike kwa urefu uleule. Bakiza gramu chache za ekstrakti na poda, ili mwingine akitilia shaka apime kilekile ulichopima.

Halafu rudi kwa aliyekuonyesha mmea, umwambie ulichokiona, kwa lugha yake na bila grafu. Kama umeona dalili za kuharibu ini au figo, usisubiri jarida likubali. Mwambie kwanza, na umwambie ni sehemu gani ya mmea na kwa kiasi gani. Mara nyingi atakujibu kwamba sehemu hiyo wao hawaitumii, na kwamba ungemuuliza mapema angekuambia.